Mvueni Mtoto Soksi

Kiswahili kimetuachia methali mbili zisizopatana. Haraka haraka haina baraka, yasema moja. Ngojangoja huumiza matumbo, yajibu ya pili. Kila moja ina mahali pake, na tatizo letu hapa Mombasa, linapokuja suala la miguu ya watoto, ni kwamba tumeipa kila moja nyumba ya mwenzake. Mtoto akizaliwa na unyayo uliogeukia ndani, mamake huambiwa asubiri, mguu utanyooka akianza kutembea. Mtoto wa miaka mitatu mwenye unyayo bapa usiomuuma popote hukimbizwa dukani kununuliwa viatu ambavyo bei yake ni kodi ya chumba ya mwezi mzima. Wa kwanza alihitaji haraka. Wa pili alihitaji kuachwa acheze.

Naandika haya kama shangazi. Mtoto wa kaka yangu ana miaka minne sasa. Alizaliwa hospitalini hapahapa mjini, akapimwa uzito, akadungwa sindano ya BCG mkononi, akatiwa matone ya polio mdomoni, akavishwa soksi za sufu alizofumiwa na nyanyake, akarudi nyumbani. Hakuna aliyesema neno kuhusu mguu wa kushoto. Aliyeuona ni mamangu, siku ya tatu, alipomvua soksi ili amkande kwa mafuta ya nazi. Kisigino kilikuwa kimepanda juu kama cha mtu anayechungulia ng'ambo ya ukuta. Unyayo haukutazama chini, ulitazama unyayo mwenzake. Katikati ya wayo palikuwa na mkunjo wa ngozi, mwembamba na wa kina, kama alama ya uzi uliokazwa. Mama akausukuma kwa kidole gumba, taratibu, kama afanyavyo siku zote kwenye mabega na magoti ya wajukuu wake. Mguu ulikubali kidogo. Alipouachia, ukarudi ulivyokuwa.

Pasipo kujua, mamangu alikuwa amefanya kipimo kilekile anachoanza nacho daktari wa mifupa. Watoto wengi huzaliwa na nyayo zilizokunjika kwa kubanwa tumboni tu. Unyayo wa namna hiyo ukisukumwa kwa kidole unanyooka wote, na ukimkuna mtoto ukingo wa nje wa wayo ataunyoosha mwenyewe. Huo ni wa kungojea. Unyayo usiokubali, ambao kisigino chake hakishuki hata ukikibembeleza, ni ugonjwa mwingine: mguu kifundo, au nyayo za kupinda kama wengine wanavyouita. Eksirei haisaidii sana kwa mtoto mchanga, maana sehemu kubwa ya mifupa ya wayo wake bado ni gegedu na haionekani vizuri kwenye picha. Macho na mikono ndivyo vinavyotosha. Daktari atakagua pia nyonga, na atapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, kwa sababu mara nyingine mguu wa namna hii huja pamoja na mgongo wazi.

Si jambo la nadra. Ni kama mtoto 1 katika kila 1,000, wavulana mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao huwa nao miguu yote miwili. Hutokea zaidi katika familia ambayo uliwahi kutokea, kwa hiyo urithi una sehemu yake. Jicho la jirani halina sehemu. Namna mama alivyokaa au alivyolala akiwa mjamzito haina sehemu. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu wifi yangu alilaumiwa, kwa maneno ya chini chini, na watu waliokuja na sahani za mahamri kumpongeza.

Wakati huo yuko ndani, katika arubaini. Tiba ya mguu kifundo huanzwa vizuri wiki ya kwanza au ya pili, na najua wapo wahudumu wa afya wanaokereka na arubaini yetu. Mimi siilaumu. Mama aliyejifungua anastahili siku zake arobaini za uji wa pilipili manga, kukandwa na kupumzika, na siku hizo haziharibu mguu wa mtoto kiasi cha kushindikana. Kinachoharibu ni yanayofuata. Baada ya arubaini ikaja shughuli ya kumtoa mtoto nje, ikaja Ramadhani, ikaja Idi, zikaja karo za wakubwa. Na katikati ya hayo wifi yangu alimwonyesha mguu ule mhudumu wa kituo kimoja, akajibiwa kwamba atanyooka akikua. Neno hilo lilitugharimu miezi mitano.

Kutembea hakunyooshi mguu kifundo. Mtoto atasimama, naam, na atatembea, lakini atakanyagia ukingo wa nje wa mguu, hatimaye hata juu ya wayo, ambako Mungu hakuweka ngozi ya kukanyagia. Ngozi itafanya sugu, sugu itapasuka, kiatu hakitaingia. Mtu mzima mwenye mguu huo ambaye hakutibiwa humwoni uwanjani wala kazini bandarini. Utamwona ameketi.

Tiba yenyewe ilitokana na mwana wa kisiwa. Ignacio Ponseti alizaliwa Menorca, Uhispania, mwaka 1914. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake alitibu majeruhi, upande wake uliposhindwa akavuka mpaka hadi Ufaransa, akaenda Meksiko, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aliona watu wazima ambao utotoni walipasuliwa miguu kifundo yao kwa upasuaji mkubwa: nyayo zilikuwa zimenyooka kwenye picha, lakini zimekakamaa na zinauma. Akatafuta njia ya kuunyoosha mguu kwa mikono na plasta, bila kuufungua. Kwa miongo kadhaa madaktari wenzake wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1995 yalipochapishwa matokeo ya watu waliotibiwa kwa njia yake miaka thelathini nyuma, ambao wengi wao walikuwa wanatembea na kufanya kazi bila shida kubwa, ndipo dunia ikageuka. Ponseti alifariki mwaka 2009, na siku aliyozaliwa, Juni 3, sasa ni siku ya kimataifa ya kuadhimisha tiba hii.

Mtaalamu huweka kidole gumba upande wa nje wa wayo, juu ya kichwa cha mfupa uitwao talasi, kisha kwa mkono wa pili anausogeza mbele ya mguu kwenda nje, polepole, mpaka pale mguu unapokataa. Hapo anashikilia. Mwenzake anazungushia pamba, kisha plasta, kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Baada ya wiki moja plasta inatolewa, mguu unasogezwa tena kidogo, inafungwa mpya. Hufika plasta tano hadi saba. Na kuna mpangilio: kwanza upinde wa ndani wa wayo, halafu wayo kwenda nje, kisigino chenyewe kinafuata, na mwisho kabisa kunyanyua mguu juu. Anayeanza kwa kuusukuma juu kwa nguvu huuvunja katikati ya wayo, unyayo ukabaki kama chini ya mashua. Hapa ndipo methali zetu mbili zinapopatana. Anza mapema, kisha nenda kwa hatua ndogo.

Watoto wengi, zaidi ya wanane katika kumi, humalizia kwa kukatwa kano ya kisigino. Neno kukatwa lilimtia kaka yangu baridi. Ni tundu dogo, kwa ganzi, dakika chache. Kano hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi ndani ya wiki tatu za plasta ya mwisho.

Mamangu alikwenda kliniki mara ya pili ili aone kwa macho yake. Alisimama nyuma ya meza akitazama kidole gumba cha yule mtaalamu. Njiani kurudi akasema, "Huyu anakanda kama sisi. Tofauti yake, akikanda anafunga." Sijasikia maelezo bora ya tiba hii. Mikono ya wakandaji wetu inajua kulainisha, ila mguu kifundo ukiachiwa hurudi ulikotoka, na plasta ndiyo inayozuia ule ushindi wa wiki usipotee usiku. Kwa hiyo siwaambii kina nyanya waache kukanda. Nawaambia wao ndio wenye kuuona mguu kwanza, kabla ya daktari yeyote, na wakiona haukubali wasimalize chupa ya mafuta juu yake.

Kliniki yenyewe ni benchi refu na mabeseni. Kina mama hulowesha plasta kwa maji ya uvuguvugu mpaka ilainike, halafu wanaifungua tabaka kwa tabaka kama anayefungua bandeji ndefu isiyokwisha, maji yakigeuka maziwa. Mguu hutoka umekunjamana, mweupe, una harufu ya jasho. Kwa dakika kumi mtoto ana mguu wake. Anaurusha, mama anauosha, anaubusu. Kisha zamu yake inafika. Mwezi wa Machi, joto la Mombasa likiwa limekaa juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa, plasta ya mpaka pajani ni adhabu, na mtoto huyo habebeki mgongoni. Goti lililokunjwa linakataa leso, inabidi apakatwe ubavuni. Kuna wanaovuka feri ya Likoni hivyo, kila wiki, na kurudi hivyo. Wote wamefundishwa kubonyeza ncha ya kidole gumba cha mguu: kigeuke cheupe, kirudi chekundu. Kikibaki cheupe au cha buluu, au vidole vikizama ndani ya plasta visionekane, ni kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Sasa upande wa pili, pale tunapokimbilia pasipo moto. Unyayo bapa ni hali ya kawaida kwa karibu kila mtoto anayejifunza kutembea. Upinde wa wayo umejaa mafuta na kano bado ni laini; hujengeka wenyewe kadiri miaka inavyokwenda, mpaka karibu miaka kumi. Mji wetu ni mji wa kuvua viatu mlangoni, kwa hiyo kipimo kinaweza kufanyika barazani. Mwambie mtoto asimame kwa ncha za vidole. Upinde ukijitokeza na visigino vikielekea ndani kidogo, mguu huo ni mzima. Mwache.

Viatu na soli za kuinua upinde haviutengenezi. Huko Marekani waliwafuatilia watoto kwa miaka mitatu, wengine wakivaa viatu maalumu na wengine viatu vya kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha nyayo za wote zimekua vilevile. Na ng'ambo ya bahari yetu hii, kusini mwa India, watafiti walikagua watoto 2,300 na mwaka 1992 wakaeleza kwamba wenye nyayo bapa walikuwa 8.6 kwa mia miongoni mwa wavaao viatu, na 2.8 kwa mia tu miongoni mwa wanaotembea peku. Mtoto anayekimbia peku mchangani pale Nyali jioni anaufanyia unyayo wake kazi ambayo duka halina. Kinachonihuzunisha ni kwamba familia zinazouziwa soli hizo mara nyingi si tajiri. Ni watu wanaompenda mtoto wao na wameambiwa kwamba wasiponunua sasa watajuta.

Matege kabla ya miaka miwili, vivyo hivyo, na vidole vya miguu kutazama ndani kwa mtoto wa miaka minne au mitano: vingi hujinyoosha. Tofauti ninayoiangalia ni hii. Mguu mmoja ukipinda kuliko mwenzake, au matege yakiongezeka baada ya miaka miwili badala ya kupungua, au mtoto akitembea kwa ncha za vidole baada ya miaka mitatu, au unyayo bapa ukiwa mgumu kama ubao na kuuma kwa kijana wa miaka kumi na mbili, hapo mpeleke. Nyuma yake inaweza kuwapo mifupa iliyoungana, upungufu wa vitamini D, mtindio wa ubongo mwepesi uliokuwa haujaonekana, au ugonjwa wa misuli. Soli haitibu lolote kati ya hayo, na muda uliotumika kuijaribu haurudi.

Kuna miguu ambayo haitaki hata kesho. Mtoto aliyekuwa anatembea akikataa kukanyaga, ana homa, na kifundo kina joto ukikigusa: usaha unaweza kuwa ndani ya mfupa au ndani ya kiungo, na kiungo kinaweza kuharibika kwa siku chache. Usiku huohuo. Na sisi wa Pwani tuna la ziada. Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko kwa wingi kwetu, kwa sababu ya historia ndefu ya malaria, na mara nyingi ishara yake ya kwanza ni mtoto chini ya miaka miwili kuvimba viganja na nyayo, pande zote mbili, akilia ukimshika. Nyumbani husemwa ni baridi, hufungwa kitambaa. Kumbe damu yake inataka kupimwa, na kipimo hicho kikifanywa mapema kinaokoa maisha, si mguu pekee.

Nisiziache bodaboda. Kila mkazi wa mji huu amemwona mtoto amepakatwa nyuma, miguu inaning'inia karibu na spoki. Gurudumu likikishika kisigino huchubua ngozi na kuponda nyama iliyo chini yake, na kidonda kinachoonekana kidogo siku ya kwanza hugeuka cheusi siku ya tano. Na mguu ukipinduka, mtu mzima huteguka, lakini mtoto huweza kuvunjika. Kano zinazoshika kifundo chake ni imara kuliko gegedu lililo mwishoni mwa mfupa, pale mfupa unapokulia, kwa hiyo linaloachia kwanza ni gegedu. Ukimbonyeza juu kidogo ya kifundo, kwenye mfupa wenyewe, akaruka kwa maumivu, huo si wa kuchuliwa. Nawaheshimu waganga wa mifupa kama ninavyomheshimu mamangu, lakini vijiti vilivyokazwa juu ya kifundo cha mtoto kinachoendelea kuvimba vimewakata watu miguu, na gegedu la ukuaji likiunga vibaya mfupa unaweza kukua umepinda au ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Basi mlango uko wapi? Nimelifikiria sana, na jibu nililolipata liko kwenye kalenda ambayo tayari tunaifuata. Arubaini ni siku arobaini. Chanjo ya wiki ya sita ni siku ya arobaini na mbili. Mila yetu na kijitabu cha kliniki vinakutana kwa tofauti ya siku mbili! Mama aliyekuwa ndani anatoka, na safari yake ya kwanza ya maana na mtoto ni kwenye meza ya chanjo. Hapo muuguzi hudunga paja la kushoto, kisha paja la kulia. Ameyashika mapaja yote mawili mkononi. Nyayo ziko sentimita chache kutoka kwenye macho yake, na mara nyingi zimo ndani ya soksi.

Soksi zile zivuliwe. Kila mtoto, kila zahanati na kila kituo cha kaunti hii, kutoka Mtongwe hadi Mtopanga. Kidole gumba kimoja kwenye kila unyayo: unakubali, haukubali. Matokeo yaandikwe kwenye kijitabu kando ya chanjo, na usiokubali apewe mama tarehe na jina la kliniki siku hiyohiyo, si ushauri wa kusubiri. Haihitaji mashine. Haihitaji daktari bingwa. Jirani zetu Uganda walikwishaonyesha kwamba tiba yenyewe haihitaji kungoja madaktari bingwa wachache: huko maafisa wa kliniki wa mifupa walifundishwa njia ya Ponseti, katika mpango ulioanzishwa na Shafique Pirani, daktari mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kanada. Yeye ndiye aliyetunga alama ya kupimia mguu kifundo, ishara sita, kutoka sufuri hadi sita, inayotumika duniani kote sasa.

Wengine wataniambia kwamba wauguzi wamelemewa. Ni kweli wamelemewa, nimewaona. Lakini kumvua mtoto soksi ni kazi ya mama akiwa kwenye foleni, na kidole gumba kwenye nyayo mbili ni sekunde kumi.

Kwenye suala la pesa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaolizungumzia jambo hili. Kampeni nyingi huonyesha picha mbili, kabla na baada, kana kwamba plasta ya mwisho ikitoka hadithi imekwisha. Haijakwisha. Ndiyo inaanza. Mguu ulionyooshwa hutaka kurudi, na kinachouzuia ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, upana wa mabega ya mtoto, mguu uliotibiwa ukiwa umefunguliwa nje kiasi cha nyuzi 60 hadi 70. Saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu. Baada ya hapo kila usingizi, usiku na mchana, mpaka miaka minne au mitano. Miguu mingi inayorudi kupinda hurudi kwa sababu viatu hivi viliachwa.

Na huachwa kwa sababu zinazoeleweka. Mguu unaonekana mzuri. Chumba ni kimoja, kitanda kimoja, na chuma kinampiga dada yake mbavuni. Mtoto analia usiku wa kwanza na wa pili na wa tatu, majirani wanagonga ukuta, mama mkwe anauliza mbona mnamtesa mtoto aliyepona. Baba yuko safarini na lori la kontena, amefika Malaba. Kwetu, wifi yangu alikizungushia chuma kipande cha leso kuukuu ili kisikwaruze ukuta wala kuumiza watu. Kliniki ilimfundisha kuanza na mguu mbaya, kisha mzima, na kuchungulia kwenye kitundu cha nyuma ya kiatu ahakikishe kisigino kimeshuka na kukaa. Alifanya hivyo gizani, kwa tochi ya simu, miezi na miezi. Mamangu aliviita viatu vya chuma na jina likabaki.

Sehemu kubwa ya tiba ya watoto wa namna hii nchini imebebwa na hospitali za kidini na mashirika ya hisani, na Mungu awalipe. Hospitali ya CURE pale Kijabe imekuwa ikiwapasua na kuwatibu watoto wenye ulemavu tangu 1998. Bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 1, 2024. Lakini hakuna bima inayolipa nauli ya kutoka Likoni, wala inayomlipa mama anayeuza viazi vya karai kwa jioni aliyokosa kuuza. Ikiwa kaunti ina shilingi ya kutumia kwenye miguu ya watoto, ningeitaka iende hapo: nauli ya marudio, na viatu vipya kila mguu unapokua. Viatu hivyo si teknolojia ya mbali. Mtindo unaotumika sana Afrika ulibuniwa Kampala na Michiel Steenbeek, kwa ngozi, turubai na chuma cha kawaida, vitu ambavyo fundi viatu na mchomelea vyuma wa Kongowea anavyo. Mji huu una karakana za Bombolulu, ambako tangu 1969 watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza kwa mikono yao vitu vinavyonunuliwa ulimwengu mzima. Sioni kwa nini kiatu cha mtoto wa Changamwe kiagizwe kutoka mbali.

Na wahudumu wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba na mabegi yao: kwenye nyumba yenye mtoto wa viatu vya chuma, swali lao la kwanza liwe, vimevaliwa jana? Waulize bila kukaripia, na waulize baba akiwepo.

Mtoto wetu alianza kwa kuchelewa, akahitaji plasta nane badala ya tano hadi saba, na mwaka jana mguu ulianza kuvuta ndani tena kidogo tulipolegea wakati wa safari ya Lamu. Akafungwa plasta mbili zaidi. Sasa anakimbia. Ukimtazama madrasa, akiviacha viatu vyake mlangoni kwenye rundo la viatu vya wenzake, utatambua tu kwamba muundi wa kushoto ni mwembamba kidogo, na huo utabaki hivyo.

Wiki iliyopita nililala kwao. Baada ya Isha taa ilizimika mtaa mzima, na wifi yangu akawa anapapasa kutafuta simu yake. Mtoto akamtangulia. Alivitoa viatu vya chuma chini ya kitanda kwa kuvuta ile leso, akaketi ukingoni mwa godoro, na kabla ya kuambiwa akanyoosha mguu wa kushoto.